Bima ya afya ije wakati pamba iko kwenye mzani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu bima ya afya. Mimi ni mkulima wa pamba na choroko wilayani Igunga, mkoani Tabora, na ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nataja Igunga makusudi. Mfuko wa Afya ya Jamii, huu tunaouita CHF, ulianza kwa majaribio hapa kwetu mwaka 1996, miaka mitano kabla Bunge halijautungia sheria mwaka 2001. Kaya ilikuwa inalipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na kwa kila shilingi ya mwananchi Serikali ikaweka nyingine, utaratibu uliokuja kujulikana kama tele kwa tele. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni baba na mama wa watu. Kwa hiyo nikisikia kiongozi anasema redioni kwamba wananchi wa vijijini hawakati bima kwa sababu hawana uelewa, nasononeka. Uelewa wa kuchangiana tunao. Tunachokosa ni mtu wa kutueleza mambo kwa ukamilifu, tena kwa wakati ambao mfukoni kuna kitu.

Nieleze mwaka wetu unavyokwenda. Pamba tunapanda Novemba na Desemba mvua zikishika. Januari mpaka Machi ni palizi na kupiga dawa ya wadudu, chakula cha ndani kinaelekea ukingoni, na anayepata kibarua cha kulima kwa jirani anashukuru Mungu. Miezi hiyohiyo majaruba ya mpunga yamejaa maji, mbu wamejaa, na zahanati imejaa watoto wenye homa. Fedha tunaishika pamba ikishapimwa, kuanzia Mei hivi mpaka Agosti. Sasa gari la matangazo la kuhamasisha bima, kwa miaka niliyoliona mimi likipita kijijini kwetu, limekuwa likija masika. Linapita na spika zake, watu wako shambani, na wachache waliobaki nyumbani hawana hata elfu tano. Shilingi 30,000 mwezi Februari ni chakula cha nyumba nzima. Mwezi Juni mkulima huyohuyo anaitoa 30,000 akiwa amesimama na kuendelea na mazungumzo.

Hiyo 30,000 ndiyo iliyokuwa bei ya CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018: kaya ya watu wasiozidi sita, mwaka mzima, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Ni bei ambayo mwanakijiji wa kawaida anaiweza ukimkuta kwenye msimu. Tena mahali pa kumkuta panajulikana. Pamba yetu inapita kwenye chama cha msingi, AMCOS, na pale kwenye mzani karani anakata deni la mbegu na la dawa ya wadudu, anakuandikia kwenye karatasi, unaondoka na kilichobaki. Sijaona mtu akigomba kwa sababu ya makato anayoyaelewa. Watu wanagomba kwa makato yasiyo na maelezo. Mtu wa bima akikaa meza ya pili baada ya karani, akiwa na simu yake ya kuandikishia, kwa siku chache tu za mauzo atapata kaya nyingi kuliko gari la matangazo litakazopata masika nzima.

Najua wazo hili siyo geni serikalini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nao ulikuja na mpango wa Ushirika Afya mwaka 2018 kwa wakulima walio kwenye ushirika, wa pamba tukiwemo. Mchango ulikuwa shilingi 76,800 kwa mtu mzima na 50,400 kwa mtoto. Kikundini tulipiga hesabu ya baba, mama na watoto wanne, tukapata 355,200 kwa mwaka. Kwa mkulima wa heka mbili hiyo siyo fedha ya kutoa mkono mmoja. Sisemi bima ile ilikuwa mbaya. Kadi ya NHIF inakufungulia milango ambayo ya CHF haifungui, zikiwemo hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi zenye mkataba na Mfuko, na unaweza kutibiwa mkoa mwingine ukiwa safarini. Lakini mwanakijiji aliyesikia 30,000 na mwenzake aliyesikia 355,200 walikutana kisimani, kila mmoja akamwona mwenzie mwongo. Hakuna aliyewaambia kwamba ni mifuko miwili tofauti, yenye mafao tofauti. Na mwalimu wa shule yetu, anayekatwa asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri akaongeza 3 nyingine, naye kadi yake ni ya namna nyingine tena, inayobeba mwenza na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi akitaka. Kuna wazee hapa kijijini wana watoto watumishi ambao wangeweza kuwaingiza kwenye kadi zao, na hawajawahi kuulizana.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, hii namba sita.

Machi mwaka juzi mjukuu wangu wa miaka minane alishikwa na homa kali. Asubuhi viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi. Zahanati walimpima wakakuta malaria na damu imepungua, wakatuandikia rufaa. Kadi yetu ya CHF ilikuwa hai, nilikuwa nayo mkononi. Hospitalini, binti wa mapokezi aliingiza namba kwenye kompyuta, akageuza kioo ili nami nione. Kulikuwa na picha sita: mume wangu, mimi, wanetu wawili na wajukuu mapacha wa miaka mitatu. Akaniambia kwa upole, "Mama, huyu hayumo." Na kweli hakuwemo. Nyumba yetu ina watu tisa. Siku ya kuandikishwa, mwandikishaji aliwapiga picha sita aliowakuta nyumbani, mtoto huyu alikuwa shule. Ilibidi tulipe taslimu kila kitu: kumwona daktari, vipimo, dripu, dawa na kitanda. Mume wangu aliuza mbuzi kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi akijua una mgonjwa anakupangia yeye. Mtoto alipona, namshukuru Mungu na nawashukuru wauguzi wa zamu ile.

Baadaye nilipoulizia vizuri kwa afisa ustawi wa jamii ndipo nikaelewa jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kuambiwa. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya Serikali. Mjamzito vilevile. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo vilevile. Wenye kifua kikuu, ukoma na virusi vya UKIMWI wana msamaha kwa magonjwa hayo. Kwa maana hiyo wale mapacha wawili walikuwa wameshika nafasi mbili kwenye kadi ilhali sera tayari inawabeba, na mtoto wa miaka minane, ambaye hana msamaha wowote, akabaki nje. Swali moja tu la mwandikishaji, "Nani hapa amevuka miaka mitano na hajafika sitini?", lingetuokolea mbuzi na wasiwasi wa usiku kucha. Swali hilo halimo kwenye kazi yake. Kazi yake ni picha, majina na fedha.

Nawaomba wasomaji wenzangu wa vijijini wenye kaya kubwa walichukue hili. Kabla hamjaandikisha, kaeni chini mgawanye: walio chini ya miaka mitano muwaweke pembeni, mzee mumfuatilie kitambulisho chake cha msamaha, ndipo nafasi sita muwape waliobaki. Kaya za Kinyamwezi na Kisukuma haziishii kwenye watu sita. Mtu ana wake wawili, ana mama yake mzazi, ana watoto wa marehemu kaka yake, na wote wanakula chungu kimoja. Aliyepanga sita alikuwa na picha ya nyumba nyingine kichwani. Kama bajeti hairuhusu kuongeza idadi, basi walau tuelekezwe namna ya kuzitumia hizo sita.

Kuhusu wazee nitie neno. Msamaha wao haujileti wenyewe. Unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, anayeandika barua ya kuthibitisha umri na hali, barua inakwenda ustawi wa jamii, ndipo kitambulisho kinatoka. Mama mkwe wangu amepita sabini. Ameishi zama ambazo hospitali ilikuwa bure kabisa, kabla ya uchangiaji kuanza mwaka 1993, na hata sasa ukimwambia habari ya barua anaona anadhalilishwa. Vituo vingi vimebandika maandishi ya kumpisha mzee kwanza, jambo jema. Lakini mzee asiye na kitambulisho anapishwa kwenye foleni, anafika dirishani upesi, na pale dirishani anaulizwa fedha.

Kuna suala la TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambalo kijijini limechanganywa na bima mpaka basi. Jirani yangu, bibi anayelea wajukuu wawili walioachwa na marehemu binti yake, yumo kwenye orodha ya walengwa. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Bibi huyu anapokea ruzuku yake dirisha la malipo likifunguliwa, na anajua vizuri masharti: mdogo apelekwe kliniki, mkubwa asikose shule. Yeye anaamini kwamba kwa kuwa yumo TASAF basi anatibiwa bure. Majirani zake wasiomo wanaamini hivyohivyo, na wanamwonea kijicho kwa kitu ambacho hana. Ruzuku ile ni fedha ya matumizi ya nyumba. Msamaha wa matibabu una njia yake, ile ya barua na ustawi wa jamii niliyoisema, na yeye hakuwa nao. Alikuwa akiugua anakaa ndani na majani ya mwarobaini, kwa sababu aliwahi kufika dirishani akadaiwa, akaona amedhulumiwa haki yake, akaapa harudi.

Huyu mama kijiji kizima kilikaa mkutanoni kikakubali kwamba ni maskini. Jina lake limeandikwa, limehakikiwa, liko halmashauri. Kwa nini tena atafute barua ya kuthibitisha kwamba hana uwezo? Kama malipo ya walengwa yanawakusanya watu mahali pamoja, na mtendaji yupo, na mwezeshaji yupo, basi afisa ustawi aje siku hiyo na fomu zake amalize wote. Wanaolipwa kwa simu nao wana mikutano yao. Karatasi ya bibi tuliihangaikia mimi na mwenyekiti wa kitongoji, na sasa anayo. Lakini siyo kila bibi ana jirani mwenye kiherehere cha kufuatilia ofisi za watu.

Dawa. Hili sitalizunguka, kwa sababu ndilo linalowafanya watu waache kuhuisha kadi, hata wale waliokata kwa moyo mkunjufu. Umelipa, umepanga foleni, umepimwa, unafika dirisha la dawa unaambiwa, "Hii hakuna, kanunue nje." Unatoka na kikaratasi mpaka duka la dawa muhimu na kulipa kama asiye na kadi. Ikitokea mara moja mtu anavumilia. Ikiwa ndiyo kawaida, mwaka ukiisha kadi inabaki kwenye kabati. Mimi siwalaumu watumishi wa zahanati, nawaona wanavyopambana, muuguzi mmoja anapima, anazalisha, anachanja na kuandika vitabu. Ninachotaka ni uwazi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za kituo zinaingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe, na kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wananchi ndani yake. Kamati hiyo ije kwenye mkutano mkuu wa kijiji iseme: robo hii tumepokea kiasi hiki cha bima, tumenunua dawa hizi, hizi tumekosa kwa sababu hii. Na ukutani, pale mtu anaposubiri, kibandikwe kipande cha karatasi chenye herufi kubwa kinachosema kadi inalipia nini na hailipii nini. Mtu akijua mapema kwamba kitu fulani hakimo, hatajiona ametapeliwa.

Nimeyaandika haya sasa kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe kwenye bima, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona kwa macho yangu mbuzi, baiskeli na hata shamba la mpunga likiuzwa bei ya chee kwa sababu ya mgonjwa, na nimeona nyumba ambazo hazikuinuka tena baada ya hapo. Lakini sheria hiyo itapita kwenye mikono ileile ya mtendaji, mwandikishaji na binti wa mapokezi, na itamkuta mkulima yuleyule ambaye fedha yake ina mwezi wake. Ikija na gari la matangazo mwezi Februari, itapata majibu ambayo CHF iliyapata. Ikija bila kutuambia kaya ni nani, mjukuu wa mtu mwingine atasimama pale nilipokuwa nimesimama na wangu.

Kwetu kikundini tumeshajaribu njia yetu ndogo. Kila wiki, mbali na hisa, kila mwanachama anatoa kidogo kwenye mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Tulikubaliana kwamba mwanachama ambaye kadi yake inaisha kabla ya mavuno akopeshwe fedha ya kuhuisha bila riba, arudishe akiuza. Mwanzoni walisitasita, wakidhani wanakopeshwa kwa ajili ya kitu kisichoshikika. Aliyewageuza ni mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji, kisha mwanawe mkubwa naye akalazwa wiki hizohizo, na kadi ikabeba matibabu ya mtoto. Alipokuja kusimulia mbele ya kikundi hakuhitaji spika. Kati ya waliokopeshwa hakuna aliyeshindwa kurudisha. Vikundi kama chetu viko kila kijiji, vina daftari, vina sanduku lenye kufuli tatu, na vinajuana kuliko ofisi yoyote inavyotujua. Halmashauri ikivitumia kuandikisha na kuhuisha, itapata msaada wa bure.

Nihitimishe kwa maombi kwa wahusika wa wilaya yetu na mkoa wetu wa Tabora, na nadhani wenzetu wa tumbaku kule Urambo na Kaliua wataniunga mkono, maana nao fedha yao inakuja kwa msimu. Mezani kwenye mzani wa AMCOS awepo mwandikishaji tangu siku ya kwanza ya mauzo. Afundishwe kuuliza umri wa kila mtu kabla ya kupiga picha. Na sisi kikundi chetu tunakutana kila Alhamisi saa nane mchana katika uwanja wa ofisi ya kijiji. Afisa wa bima na wa ustawi wa jamii wakipenda kuja, tutawapa nafasi ya kwanza kabla hata ya kufungua sanduku, na maswali tumeshayaandika.

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa,
Igunga, Tabora